Chungu cha Babu kilichoelea

Safari hii hakuna seva, hakuna hifadhidata, wala sitalalamikia programu iliyoandikwa na mtu aliyeacha kazi zamani bila kuacha maelezo. Nataka kuwasimulia habari za mashine moja ya kufyonza vumbi iliyokaa ghalani kwa miaka zaidi ya 50: jinsi nilivyoitambua, jinsi nilivyoifufua, na kwa nini jambo hilo halikuwa mchezo kwa watu wa nyumbani kwetu. Jitayarishie chai, maana habari yenyewe si fupi.

Babu yangu mzaa baba alifanya kazi ya nyumbani hapa Nairobi kuanzia mwaka 1959 hadi 1967, katika nyumba ya Waingereza upande wa Kileleshwa. Enzi hizo mtu wa kazi hiyo aliitwa boi hata akiwa na mvi na wajukuu. Waajiri wake walipofunga virago kurudi kwao, walimwachia vitu vitatu: blanketi, redio isiyosema, na kidude cha chuma cha mviringo kama mpira mkubwa. Babu alipanda nacho treni hadi Voi, kisha akakipandisha milimani hadi kwetu Taita, mahali ambapo hapakuwa na nguzo hata moja ya stima na sakafu zilikuwa za udongo. Zawadi gani hiyo, utauliza. Nami nimejiuliza hivyo mara nyingi.

Babu alikuwa mtu wa maneno machache na watu walimwamini kwa kila jambo, isipokuwa moja. Alisema kile chungu (ndivyo alivyokiita) kikitiwa stima kinanguruma, kisha kinainuka na kuelea bila kugusa chini, na kwamba yeye alikuwa akikivuta kwa kidole kimoja. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Miaka ilivyozidi kwenda, kicheko kikageuka msemo. Kwetu mtu akitia chumvi katika habari yake huambiwa, "Hicho sasa ni chungu cha Babu." Mimi mwenyewe niliutumia msemo huo nikiwa mtoto, mbele yake, naye akanyamaza tu, akaendelea kunywa uji wake. Alifariki mwaka 1998. Stima ilifika kijijini kwetu mwaka 2017.

Kwa hiyo shahidi alikuwapo ghalani miaka yote hiyo, ila hakuna aliyeweza kumhoji.

Kukitambua

Desemba 2022 nilikwenda nyumbani kwa Krismasi nikamkuta Nyanya ameamua ghala liezuliwe na kuwekwa mabati mapya. Vitu vyote viliteremshwa, na chungu nacho kikateremka, kimejaa masizi, mavi ya panya na utando wa buibui.

"Mume wangu," Nyanya aliniambia, maana ndivyo anavyonitania, "si wewe ndiye mtu wa mashine? Hebu niambie hiki ni nini hasa. Halafu uniambie kama mzee alikuwa anasema kweli."

Watu wengi hudhani kwamba mwandishi wa programu anajua kutengeneza kila kitu chenye waya. Mimi ninatengeneza mifumo ya malipo. Lakini nusu ya kazi yangu ni kusoma kitu kilichofanywa na mtu nisiyemjua, ambaye siwezi kumpigia simu, na kukisia alikuwa na nia gani. Ujuzi huo unafaa hata kwa chuma. Ukitaka kutambua mashine ya zamani usianze na rangi wala urembo wake. Anza na vitu ambavyo mwenye kiwanda hakuwa na uhuru wa kuvichagua, maana hivyo ndivyo vinavyotaja mahali na wakati.

Cha kwanza ni plagi. Hii ilikuwa na pini tatu za duara, aina ambayo bado utaiona katika nyumba chache za kale za Nairobi, si pini bapa tunazotumia leo. Pili, rangi za nyaya. Ndani ya waya mkuu mlikuwa na nyekundu, nyeusi na kijani. Uingereza ilibadilisha rangi hizo kwa nyaya za vyombo vya nyumbani mwaka 1970, ikaweka kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Kwa hiyo ukikuta nyekundu, nyeusi na kijani katika waya wa chombo cha Kiingereza ambao haujabadilishwa, jua kwamba kwa kawaida kilitengenezwa kabla ya hapo. Tatu, skrubu. Bisibisi yangu ilizifungua, lakini nati zangu za milimita zilikataa kabisa kuingia. Zilikuwa za kipimo cha zamani cha Kiingereza. Waingereza walianza rasmi kuhamia vipimo vya mita mwaka 1965.

Cha nne kilikuwa kibati kilichopigiliwa ubavuni. Nilikipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, polepole, na maneno yakaanza kujitokeza: voliti 240, Hoover Limited, Perivale. Marekani hutumia voliti 120, kwa hiyo hiki hakikuwa cha huko. Perivale ni kitongoji cha magharibi ya London ambako kampuni ya Hoover ilifungua kiwanda chake mwaka 1933, jumba jeupe lenye madirisha marefu ambalo watu hulipiga picha mpaka leo. Utengenezaji ulikoma hapo miaka ya 1980, na mwaka 1992 sehemu ya eneo hilo ikawa duka kubwa.

Jina la mashine lilitokana na umbo. Kifyonza vumbi cha Hoover chenye umbo la tufe, kisicho na magurudumu, chenye mkanda wa mpira kiunoni ili kisikwaruze samani, na mdomo wa bomba juu ya utosi unaozunguka pande zote. Hicho ni Constellation, maana yake kundi la nyota. Kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, kikatengenezwa na Uingereza pia, na matoleo yake yaliendelea kutoka hadi mwaka 1975. Mwaka 2006 kampuni ilikirudisha sokoni Marekani katika umbo jipya.

Mtungi ulitoka wapi

Ili kuelewa kwa nini mtu atengeneze mpira wa chuma wa kufyonza vumbi, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alikwenda kutazama maonyesho ya mashine ya kusafisha iliyoletwa London na Mmarekani mmoja. Mashine ile ilikuwa ikipuliza vumbi kwa hewa. Booth aliona ujinga wake: vumbi linapulizwa hapa linatua pale. Kwa nini usilivute? Inasimuliwa kwamba alijaribu wazo hilo mkahawani, akaweka leso juu ya kiti cha kitambaa, akafyonza kwa mdomo wake mwenyewe, akapaliwa, kisha akaigeuza leso na kukuta alama nyeusi ya vumbi. Mwaka huohuo alipata hataza. Mashine yake ilikuwa kubwa kiasi cha kuvutwa na farasi. Ilisimama barabarani na mabomba yakapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilitumiwa kusafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba.

Mashine ya kubebeka ilitoka kwa mtu wa kufagia. James Murray Spangler alikuwa mfanya usafi katika duka moja huko Canton, Ohio, naye aliugua pumu. Vumbi la ufagio lilikuwa likimwua polepole. Mwaka 1907 aliunganisha mota ndogo ya umeme, pangaboi, mpini wa ufagio na foronya ya mto kuwa mfuko wa kupokea vumbi. Alipata hataza mwaka 1908 na kuiuza kwa William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi ambaye biashara yake ya hatamu na matandiko ya farasi ilikuwa ikitishiwa na magari. Ndiyo maana Waingereza hadi leo husema "Hoover" wakimaanisha kifyonza vumbi chochote kile, kama vile sisi tunavyoiita kila kalamu ya wino Biki.

Mashine ya Spangler ilisimama wima na kusukumwa. Aina ya pili ndiyo inayotuhusu: mtungi unaolala chini na kufuata nyuma, huku mkononi ukiwa na bomba jepesi tu. Aliyeipa nguvu ni Msweden Axel Wenner-Gren, mwanzilishi wa Electrolux. Mwaka 1921 kampuni yake ilitoa Lux Model V, mtungi mrefu uliolala juu ya reli mbili kama za sleji ya thelujini. Faida yake ni kwamba mzigo wa mota unabaki sakafuni. Hasara yake kila aliyeitumia anaijua: mtungi unakwama kwenye miguu ya meza, unapinduka mlangoni, unakataa kukufuata.

Constellation ilikuwa jibu la tatizo hilo. Weka tufe katikati ya chumba, zungusha bomba pande zote, usiburute kitu. Na likihitaji kusogea, hewa inayotoka kwenye mota, ambayo mashine nyingine huitupa ovyo, ielekezwe chini ili iinue tufe lenyewe.

Mmesikia? Iinue. Niliposoma jambo hilo mikono ilianza kutetemeka.

Lakini kulikuwa na nukta moja chungu. Matoleo ya mwanzo kabisa hayakuelea. Uwezo huo uliongezwa baadaye. Basi swali la Nyanya likawa: hiki cha kwetu ni cha mwanzo au cha baadaye?

Nilikigeuza palepale uani. Kitako kilikuwa kimezibwa, kigumu, hakina tundu hata moja. Nikamwambia Nyanya ukweli kama nilivyouona: kampuni ilitengeneza vya kuelea, lakini hiki si kimojawapo. Yaelekea Babu alisikia habari ya vile vingine. Nyanya aliniangalia kidogo, akasema, "Basi," akaingia jikoni. Nimewahi kuangusha mfumo wa malipo Ijumaa jioni ya mwisho wa mwezi. Sikujisikia vibaya kama siku ile.

Kukifungua

Nilikuja nacho Nairobi nikiwa na nia ya kukisafisha tu nikirudishe kama pambo. Kinafunguka katikati kama chungwa: nusu ya juu ina nafasi ya mfuko wa vumbi, nusu ya chini ina mota. Mfuko ulikuwa bado umo. Ndani yake mlikuwa na vumbi jekundu la Nairobi, nywele za mbwa, na kifungo kimoja cha shati. Vumbi la miaka ya sitini. (Ukifungua mashine ya namna hiyo vaa barakoa, tafadhali.) Nilimpigia Nyanya simu kumwuliza kama nilihifadhi. Alisema, "Vumbi hilo mzee alishalizoa mara moja. Limwage." Nililimwaga. Kifungo ninacho.

Kando ya mota palikuwa na kapasita, kijisilinda kidogo kinachozuia cheche za mota zisikwaruze sauti ya redio ya nyumbani. Viwanda vya vipuri vilikuwa na desturi njema ya kugonga tarehe kwenye bidhaa zao, na hiki kiligongwa 1962. Nilikaa chini. Kama mashine ni ya 1962 au baada ya hapo, imetoka miaka mingi baada ya matoleo ya mwanzo. Mbona basi kitako chake kimezibwa?

Ushahidi wako ukipingana, si ukweli uliokosea. Ni wewe uliyesoma vibaya. Nilichukua kijiti cha meno nikaanza kuchokoa kitako. Kile nilichodhani ni chuma kilikatika, kikaanguka mezani: udongo. Nyigu. Wale nyigu wembamba wanaojenga vyumba vya udongo kwenye nyufa walikuwa wamekalia uwazi wa kutolea hewa kwa vizazi na vizazi, wakaupiga plasta, na masizi ya jikoni yakapaka rangi juu yake. Niliuloweka kwa maji ya uvuguvugu usiku kucha. Asubuhi uwazi wote ulikuwa wazi, umeelekezwa chini, kama Babu alivyosema.

Sikumwambia Nyanya. Nilikuwa nimeshamkosea mara moja kwa kuharakisha.

Kukifufua

Kwa wale wenye mashine za wazee nyumbani, niwaeleze nilichofanya, na kanuni ya kwanza ni moja: usikichomeke ili uone kama kinafanya kazi. Mpira unaofunika nyaya za zamani hukauka na kukatika kama maganda ya karanga. Hiki kilikuwa na mwili wa chuma, na waya wenye stima ulikuwa umebaki uchi nusu sentimita tu kutoka kwenye chuma hicho. Ningekichomeka ningekuwa nimesimama sakafuni nikiwa nimeshika voliti 240.

Niling'oa waya wote wa zamani nikaweka mpya wenye nyuzi tatu, na ule wa ardhi nikaukaza kwenye mwili wa chuma kwa boliti yake yenyewe. Kisha nikapima kwa mita: kati ya pini ya ardhi na mwili kuwe na njia, kati ya pini za stima na mwili kusiwe na njia. Kapasita ya zamani niliitoa. Za karatasi za enzi hizo huanza kuvujisha stima zikizeeka, hata zikionekana nzima. Mpya niliinunua Luthuli Avenue, iliyotengenezwa kwa kazi ya stima ya moja kwa moja, maana si kila kapasita inaruhusiwa hapo.

Mota yenyewe ni ya aina inayokubali stima ya mkondo mmoja na ya mkondo wa kupishana, yenye brashi mbili za kaboni zinazosugua pete ya vipande vya shaba. Brashi zilikuwa zimekwisha. Sikupata za kipimo hicho, nikanunua za mashine ya kutoboa ukuta zilizo kubwa kidogo, nikazisugua kwa msasa mpaka zikaingia bila kubana. Shaba niliisafisha kwa msasa laini wa kawaida. Msasa mweusi wa chuma usiutumie, unga wake hupitisha umeme na utaleta cheche. Beringi niliziosha na kuzitia grisi mpya.

Mfuko wa asili ulikuwa umeoza. Niliupeleka kwa fundi cherehani wa mtaani kama kielelezo. Aliutazama, akauliza kazi yake, akafikiri, akasema kitambaa kizuri ni cha foronya: kimefumwa kwa kubana lakini kinapumua. Hajawahi kusikia habari za Spangler. Na kitambaa kupumua si jambo dogo, kwa sababu hewa hiyohiyo iliyofyonzwa ndiyo inayopooza mota. Mfuko ukiziba, mota inaungua.

Kukiwasha mara ya kwanza nilitumia mbinu ya mafundi wa jua kali: unaunganisha balbu ya zamani ya wati 100 katika njia moja na mashine. Kama kuna hitilafu, balbu inawaka kwa nguvu zote na stima iliyobaki haitoshi kuharibu kitu. Balbu iliwaka, ikafifia, mota ikaanza kuzunguka polepole ikinung'unika. Niliitoa balbu, nikawasha kwa stima kamili juu ya meza, nimekishika kwa mikono miwili. Kilinguruma. Sikukiweka sakafuni. Nilitaka Nyanya awe wa kwanza kuona, na kwa hilo nilivunja kanuni ya kwanza ya kazi yangu: usimwonyeshe mteja kitu ambacho hujakijaribu.

Sakafu

Kabla ya kuondoka nilipiga hesabu. Chungu kina uzito wa kama kilo 7, na kitako chake kina kipenyo cha kama sentimita 30. Ukigawa uzito kwa eneo unapata kama paskali 1,000, yaani sehemu moja tu katika mia ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta kila siku. Mota yoyote ya kifyonza vumbi inaweza hilo. Ni kanuni ileile iliyomtoa mhandisi Mwingereza Christopher Cockerell kwenye majaribio ya makopo mawili na mashine ya kupulizia hewa mwaka 1955 hadi kwenye chombo chake kilichovuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza mwaka 1959 juu ya mto wa hewa.

Pasaka ya 2023 tulikusanyika nyumbani: Nyanya, shangazi, baba mdogo ambaye ndiye aliyeusambaza ule msemo zaidi ya wote, na watoto tele. Nilikiweka katikati ya sebule, nikawasha. Kilinguruma. Vumbi likatimka pande zote. Chungu hakikusogea hata unywele. Nilikisukuma, kikakwaruza saruji. Baba mdogo alianza kucheka, na watoto wakadakia.

Kila mwandishi wa programu anaijua hali hiyo: kitu kilichokuwa sawa kwako kinakataa kwa mwenzako. Na kila mara jibu ni lilelile, kuna kitu katika mazingira ambacho hukukihesabu. Nilizima nikakaa nikifikiri, na ni Nyanya aliyelisema.

"Ile sakafu ya Wazungu haikuwa ya saruji," alisema. "Ilikuwa ya mbao. Mzee alikuwa akiipaka nta kila Jumamosi, amepiga magoti, kutoka ukuta huu hadi ule. Magoti yake yaliharibika huko. Alisema mtu angeweza kujitazama uso."

Saruji yetu ina mikwaruzo na mabonde. Hewa ilikuwa ikivuja kila upande, mgandamizo hauwezi kujengeka. Tuling'oa mlango wa chumba cha wageni, wa mbao laini uliopakwa vanishi, tukaulaza chini. Niliweka chungu juu yake, nikawasha.

Kiliinuka. Si sana, milimita chache. Nilichukua karatasi, nikaipitisha chini yake kutoka upande mmoja hadi wa pili, na haikugusa kitu. Hakuna aliyecheka. Nyanya alinyanyuka, akainama, akaweka kidole kimoja kwenye bomba, akakivuta. Kikamfuata taratibu kama mbuzi aliyefugwa vizuri. Baba mdogo alivua kofia.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya magoti. Matangazo ya zama hizo yalimwonyesha mama wa nyumbani anatabasamu, amevaa vizuri, mashine inamfuata kwa wepesi. Mwanahistoria Mmarekani Ruth Schwartz Cowan alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1983 kwamba mashine za nyumbani hazikupunguza kazi ya akina mama kama ilivyoahidiwa, kwa sababu kiwango cha usafi kilipanda pamoja nazo. Hapa Nairobi hesabu ilikuwa nyingine. Mwaka uleule wa 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa huko Jinja, na kuanzia 1958 sehemu ya stima yake ikaja Kenya. Stima ilitoka Uganda, mashine ikatoka Perivale, na mikono ikatoka Taita. Chungu kilielea juu ya hewa, ni kweli, lakini hewa hiyo isingekiinua kama kuna mtu hakupiga magoti Jumamosi kuilainisha sakafu. Tuliona chungu tukasahau sakafu, ndiyo maana tulimwita Babu mwongo.

Chungu sasa kiko sebuleni kwa Nyanya, waya wake umefungwa vizuri, juu ya kibao cha mbao laini ambacho fundi alikitengeneza kwa ajili yake. Mikwaruzo yake sikuipaka rangi. Wageni wakija huwashiwa kidogo.

Na ule msemo bado unatumika kwetu, ila umegeuka. Juzi nilimpigia shangazi nikamwambia mahindi ya mwaka huu Taita nasikia ni mengi kupita kiasi, akanijibu, "Chungu cha Babu hicho, mwanangu. Njoo ujionee mwenyewe."

Kama una mashine ya zamani kwenu, usiitupe, na tafadhali usiichomeke. Geuza kitako chake kwanza, kisha mwulize mtu mzima ilikuwa ikikaa wapi. Mpaka wakati mwingine.